UNARC: Programu Iliyojua Kufungua Tu

Umeshawahi kutumiwa faili halafu simu yako ikagoma kulifungua? Nukuu za muhula mzima zimetumwa kwenye kundi la darasa, zote zimebanwa ndani ya faili moja. Mwenzako mwenye kompyuta kalifungua chapchap, wewe unabaki kuuliza, "Jamani, hili linafunguliwa na nini?" Bando limeshaliwa, faili unalo, lakini kilichomo huna. Umepewa sanduku bila ufunguo.

Tukizungumzia kubana mafaili, mara nyingi tunamsifu anayebana. Kapunguza ukubwa kwa asilimia ngapi? Katumia sekunde ngapi? Anayefungua hatumtaji, kana kwamba kazi yake ni kubonyeza tu. Leo nakuletea uhakiki wa programu ya zamani iliyofanya kinyume chake. Inaitwa UNARC, iliandikwa na Robert A. Freed mwaka 1986 kwa ajili ya mfumo endeshi wa CP/M, na haikujua kubana hata baiti moja. Kazi yake ilikuwa kufungua, basi.

Hoja yangu ni hii: chombo cha kubana mafaili kipimwe kwa mtu wa mwisho kwenye foleni, yule mwenye mashine dhaifu kuliko wote. Ukiipima UNARC kwa kipimo hicho, utaona ni kazi nzuri sana yenye kasoro chache za kweli. Na kasoro zake zina somo kwetu, hasa sisi tunaohifadhi data za utafiti tukitumaini mtu atazisoma baadaye.

Dunia ya kilobaiti 64

Kwanza tuelewane kuhusu mashine zenyewe. CP/M ilianzishwa na Gary Kildall mwaka 1974 kwa ajili ya prosesa ya Intel 8080, na baadaye ikauzwa na kampuni yake, Digital Research. Kabla MS-DOS haijatawala, CP/M ndiyo iliyokuwa lugha ya pamoja ya kompyuta ndogo za aina nyingi. Osborne 1 ya mwaka 1981 iliitumia, Kaypro II ya 1982 iliitumia, na hata Commodore 128 ya 1985, kompyuta ya nyumbani kabisa, ilikuwa na prosesa ya pili ya Z80 ndani yake ili iweze kuiendesha.

Prosesa hizo ziliweza kuona kumbukumbu ya kilobaiti 64 kwa wakati mmoja. Si megabaiti, kilobaiti. Picha moja unayotumiwa WhatsApp inaweza kuzidi hapo. Na ndani ya hizo 64 lazima mfumo endeshi ukae, programu ikae, na data inayofanyiwa kazi ikae. Diski nazo zilikuwa ndogo: diski moja ya Osborne 1 ilipoanza kuuzwa ilibeba takriban kilobaiti 90.

Sasa ongeza simu. Watu walibadilishana programu kwa modemu, kompyuta moja ikiipigia nyingine kwa laini ya kawaida ya simu. Mwaka 1978 Ward Christensen na Randy Suess walifungua kule Chicago kituo cha kwanza cha aina hiyo kujulikana sana, CBBS, na baada ya hapo vikaota vingine kila mahali. Modemu ya biti 300 kwa sekunde ilipitisha kama herufi 30 kila sekunde. Piga hesabu: faili la kilobaiti 60 lina baiti 61,440, gawanya kwa 30, unapata sekunde 2,048. Hizo ni zaidi ya dakika 34, na kama kituo kiko mji wa mbali, kila dakika inalipiwa. Ukilibana faili likabaki nusu, umeokoa robo saa na pesa ya simu. Kwa hiyo watu wa enzi ile hawakubana mafaili kwa mapenzi ya unadhifu. Walibana kwa sababu bili inakuja mwisho wa mwezi.

Watumiaji wa CP/M walikuwa na vyombo vyao. Kulikuwa na SQ ya kubana na USQ ya kufungua, kazi ya Richard Greenlaw. Kulikuwa pia na mafaili ya LBR yaliyofunga mafaili mengi kwenye furushi moja, mpango wa Gary Novosielski. Yaani kazi mbili, vyombo viwili: cha kwanza kinabana, cha pili kinafunga mzigo.

Kufuli jipya kutoka jirani

Mwaka 1985 Thom Henderson, kupitia kampuni yake ya System Enhancement Associates, alitoa programu ya ARC kwa ajili ya MS-DOS. ARC iliunganisha zile kazi mbili. Unaipa mafaili kumi, inayabana kila moja, inayafunga pamoja, unapata faili moja lenye mkia wa .ARC. Vituo vya modemu vikaipenda haraka.

Hapo ndipo mtu wa CP/M alipoachwa nje. Ulimwengu ulikuwa unahamia kwenye kompyuta za IBM na ndugu zake, na mafaili mengi mapya yalikuja yakiwa ndani ya .ARC. Mengi yalikuwa maandishi, majedwali na programu chanzo ambavyo vingesomeka vizuri tu kwenye mashine ya CP/M. Kilichomzuia msomaji ni sanduku peke yake.

Na sanduku lenyewe lilikuwa na kejeli. Kila kipengele ndani ya faili la ARC huanza na baiti yenye thamani 26. Kwenye CP/M, baiti hiyohiyo ndiyo alama ya mwisho wa maandishi. Kwa hiyo ukiwa na hamu ya kuchungulia, ukaandika amri ya TYPE ili uone faili lina nini, mfumo unakutana na 26 mwanzoni kabisa, unaona "mwisho", unanyamaza. Skrini haionyeshi kitu. Umelipia dakika 34 za simu, na kompyuta yako inakuonyesha utupu.

Ilivyofanya kazi mikononi

UNARC iliandikwa kwa lugha ya mashine ya Z80, ikawa programu ndogo ya kilobaiti chache. Hebu tuseme umepata faili linaitwa SAFARI.ARC. Ukiandika:

UNARC SAFARI

hupati mafaili, unapata orodha. Kila faili lililomo linaonyeshwa kwa jina, urefu, nafasi litakayochukua kwenye diski, njia iliyotumika kulibana, ukubwa wake likiwa limebanwa, asilimia iliyookolewa, tarehe, saa na namba ya ukaguzi. Ukiandika:

UNARC SAFARI SOMA.DOC

maandishi ya SOMA.DOC yanafunguliwa na kupita kwenye skrini bila kuandika chochote kwenye diski. Na ukiandika:

UNARC SAFARI B:

hapo ndipo yanatolewa yote na kuwekwa kwenye diski iliyoko B.

Angalia mpangilio huo. Kitendo kisicho na hatari, kuangalia, ndicho kinachotokea usipotaja kitu. Kitendo kinachojaza diski kinahitaji utaje diski. Mwandishi alimfikiria mtu mwenye kilobaiti 90 ambazo tayari zimejaa nusu. Mtu huyo hawezi kumimina kila kitu halafu achague. Lazima achague kwanza. Ndiyo maana ile safu ya nafasi kwenye diski ni ya thamani kuliko inavyoonekana. CP/M hugawa diski kwa vipande, tuseme vya kilobaiti 1 au 2, na faili la baiti 200 hula kipande kizima. Urefu wa faili peke yake ungekudanganya. UNARC inakuambia bei halisi kabla hujalipa.

Huo ndio ustadi ninaousifu zaidi kwenye programu hii. Kasi sijaitaja, na wala si kwa bahati mbaya. Programu nyingi za kufungua mafaili hata leo hudhani kwamba una nafasi, halafu katikati ya kazi zinakuambia hifadhi imejaa.

Ndani ya sanduku kuna nini?

Sasa tuingie jikoni. Faili la ARC laweza kuwa limebanwa kwa njia kadhaa, na UNARC ililazimika kuzijua zote.

Njia ya kwanza ni kuhesabu marudio. Kama kuna nafasi tupu 40 mfululizo, huandiki nafasi 40. Unaandika nafasi moja, alama maalumu, na namba 40. Alama hiyo ni baiti yenye thamani 144. Je, kama 144 yenyewe imo kwenye data? Basi inaandikwa 144 ikifuatwa na sifuri, maana yake "safari hii ni mimi mwenyewe, si ishara".

Njia ya pili ni ya David Huffman, aliyeibuni akiwa mwanafunzi MIT na kuichapisha mwaka 1952. Herufi inayotokea mara nyingi inapewa msimbo mfupi, ile adimu inapewa mrefu. Kwenye maandishi ya Kiswahili, A ingepata biti chache sana, X ingepata nyingi. Ili afungue, mpokeaji anahitaji kutumiwa jedwali la misimbo hiyo pamoja na data.

Njia ya tatu ndiyo tamu. Inaitwa LZW, kwa majina ya Lempel, Ziv na Welch. Terry Welch aliichapisha mwaka 1984 akijenga juu ya kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya 1978. Hapa mtumaji anatunga kamusi ya vipande vinavyojirudia, lakini hamtumii mpokeaji kamusi hiyo. Mpokeaji anaitunga mwenyewe, neno kwa neno, kwa kufuatilia anachopokea.

Tuijaribu kwa HARAKAHARAKA, herufi 12. Mtumaji anaanza na herufi mojamoja, na kila akituma anaandika kipande kipya kwenye kamusi: kile alichotuma pamoja na herufi inayofuata. Anatuma H, anaandika HA kuwa namba 1. Anatuma A, anaandika AR kuwa 2. Anatuma R, anaandika RA kuwa 3. Anatuma A, AK inakuwa 4. Anatuma K, KA inakuwa 5. Anatuma A, AH inakuwa 6. Sasa mbele yake kuna HA, na HA anayo: anatuma 1. Kisha RA: anatuma 3. Kisha KA: anatuma 5. Kwisha.

Kilichosafiri ni H, A, R, A, K, A, 1, 3, 5. Alama tisa badala ya 12. Kwenye neno fupi hivi faida ni ndogo, lakini kwenye kurasa kumi za maandishi inakua sana kwa sababu vipande vinazidi kurefuka.

Mpokeaji je? Alipopata H kisha A, alijua lazima mtumaji kaandika HA kuwa 1. Alipopata R, alijua AR ni 2. Kila hatua anajenga kamusi ileile, akiwa nyuma ya mtumaji kwa hatua moja tu. Ikija 1, anafungua kamusi yake, anakuta HA. Hakuna aliyemtumia kamusi.

Kuna kitu hapa kinachoipa UNARC uhalali wake kihandisi. Anayebana, kila herufi inapokuja, lazima atafute: je, kipande hiki kimo kwenye kamusi? Ili atafute haraka anahitaji majedwali ya ziada. Anayefungua hatafuti. Anapewa namba, anaenda moja kwa moja kwenye mstari huo. Kazi ya kufungua ni nyepesi kuliko kazi ya kubana. Kwa hiyo kutengeneza programu ya kufungua tu, kwa mashine dhaifu, si uvivu. Ni kuisoma hesabu vizuri na kuitumia kumfaidi mnyonge.

Nyepesi, lakini si bure. LZW ya ARC ilitumia namba za biti 12, yaani kamusi ya mistari 4,096. Ukihesabu baiti 3 kwa kila mstari, mbili za kuelekeza nyuma na moja ya herufi, unapata baiti 12,288. Kisha akaja Phil Katz na programu yake ya PKARC iliyoongeza njia nyingine kwenye mafaili ya ARC, yenye namba za biti 13. Mistari 8,192, baiti 24,576. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya kumbukumbu yote ya mashine! Na UNARC iliimudu njia hiyo pia. Ndani ya kilobaiti 64, pamoja na mfumo endeshi, kamusi ilikaa na kazi ikaenda.

Mwishoni, baada ya kufungua kila faili, UNARC inapiga upya hesabu ya ukaguzi ya biti 16 na kuilinganisha na ile iliyohifadhiwa kwenye sanduku. Zikitofautiana, inakuonya. Kwa laini za simu zilizojaa kelele, onyo hilo lilikuwa tofauti kati ya kujua faili limeharibika leo na kuligundua mwezi ujao.

Kasoro zake

Uhakiki si kusifu tu, na hapa nina malalamiko manne.

La kwanza ni amri zenyewe. Nimesifu kwamba kutaja diski ndiko kunakoamua kama faili litaandikwa au litaonyeshwa tu. Lakini tazama: UNARC SAFARI SOMA.DOC inaonyesha, UNARC SAFARI B:SOMA.DOC inaandika. Tofauti ni herufi moja na nukta pacha. Mgeni anaona maandishi yakipita kwenye skrini, anadhani faili limetoka, anafuta sanduku ili apate nafasi. Faili limekwenda. Mpangilio unaomlinda mtumiaji asijaze diski ndio huohuo unaoweza kumponza. Neno moja la wazi la amri lingemaliza utata.

La pili si kosa la UNARC peke yake, bali la nyumba iliyomo. CP/M hupima faili kwa vipande vya baiti 128, haihesabu baiti mojamoja. ARC imehifadhi kwamba faili lina baiti 1,000 kamili. Likitua kwenye CP/M linakuwa vipande 8, yaani baiti 1,024, zile 24 za mwisho ni kijazio. Kwa maandishi hakuna shida, kwa sababu ile alama ya 26 inaonyesha yanapoishia. Kwa data za aina nyingine, urefu halisi umepotea. Tarehe nazo: UNARC inakuonyesha kwenye orodha, lakini CP/M 2.2 ya kawaida haina mahali pa kuziweka, kwa hiyo faili linatoka bila umri. Kufungua sanduku si sawa na kurudisha vilivyomo vilivyokuwa. Ukiwa mtu wa kumbukumbu za kale, tofauti hiyo inauma.

La tatu ni fumbo la ufunguo. Programu ya kufungua lazima ikufikie ikiwa wazi. Ukiifungia ndani ya faili la ARC, umefungia ufunguo ndani ya sanduku lake. Inaonekana kama mzaha, lakini ni sheria ya kweli ya fani hii: kila mnyororo wa mafaili yaliyobanwa unaishia kwenye programu moja ambayo mtu alikupa bila kuibana. Asiyemfahamu mtu mwenye programu hiyo hana pa kuanzia.

La nne ndilo zito. Mfunguaji daima anamfuata mbanaji. ARC inatoa njia mpya, UNARC inajifunza. PKARC inaongeza nyingine, UNARC inajifunza. Lakini anayeamua ni yule mwenye mashine mpya, na mwenye mashine ya zamani anategemea hisani ya mtu mwenye ujuzi na muda wa kuandika. Mwaka 1989 Phil Katz akaleta ZIP, dunia ikahama tena, na UNARC haikuweza kufungua ZIP kwa sababu lilikuwa sanduku la aina nyingine kabisa.

"Si wangenunua kompyuta mpya?"

Najua kuna msomaji anasema hivyo. Mashine ya CP/M mwaka 1986 ilikuwa inaondoka sokoni. Kwa nini mtu ahangaike kuiandikia programu? Teknolojia inasonga mbele, anayebaki nyuma ni shauri yake.

Hoja hiyo ina nguvu kidogo. Kila saa inayotumika kutunza cha zamani ni saa isiyojenga kipya. Lakini inachanganya vitu viwili: kuendesha programu mpya na kusoma maandishi. Kuendesha programu ya MS-DOS kwenye CP/M kweli haiwezekani, mashine zenyewe ni tofauti. Kusoma maandishi kunawezekana kabisa, maana herufi ni zilezile. Ukimnyima mtu kitu ambacho mashine yake inaweza, kwa sababu tu umechagua sanduku fulani, huko si kusonga mbele, ni kumfungia mlango. Na UNARC ilithibitisha hivyo kwa vitendo: hakuna kilichoongezwa kwenye mashine, ila kilobaiti chache za programu, na mlango ukafunguka.

Lakini ilihitaji kitu kimoja zaidi, nacho hakikuwa mikononi mwa Freed. Ilihitaji ARC iwe inaeleweka. System Enhancement Associates walikuwa wametoa programu chanzo ya ARC, kwa hiyo mtu wa nje aliweza kujua kila baiti ya sanduku inasema nini. Uwazi huohuo ulileta ugomvi: mwaka 1988 kampuni hiyo ilimshtaki Phil Katz kwamba PKARC yake ilitokana na kazi yao, na shauri likaisha mwaka huohuo kwa makubaliano. Katz alipokuja na ZIP, aliyaweka hadharani maelezo ya muundo wake, na hiyo ni sababu moja kubwa inayofanya ZIP ifunguke leo kwenye simu yako, bila kujali nani kaitengeneza.

Linganisha na LZW. Mbinu ilichapishwa wazi kwenye jarida, kila mtu akaisoma, kila mtu akaitumia. Kumbe kampuni ya Sperry ilikuwa imeiombea hataza, na ikaipata Marekani Desemba 1985. Sperry ikawa sehemu ya Unisys, na katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji wa programu za picha za GIF, ambazo nazo zinatumia LZW, wakajikuta wakidaiwa leseni. Hataza hiyo ilikwisha Marekani mwaka 2003. Kujulikana kwa mbinu na kuwa huru kuitumia ni mambo mawili tofauti, na anayefungua anahitaji yote mawili.

Hukumu

UNARC ilifanya kazi moja na kuifanya kwa heshima. Ilimjali mwenye diski ndogo, ilimwambia ukweli kuhusu nafasi, ilimwonya faili likiharibika, na ilimruhusu asome kabla ya kutoa. Kasoro zake, ukiondoa ile ya amri, nyingi ni za mazingira: mfumo endeshi usiojua urefu wa faili, na soko ambalo mwenye mashine mpya ndiye anayechagua kufuli. Ningeipa alama za juu. Nisingeipa zote, kwa sababu ya yule mgeni aliyefuta sanduku akidhani faili limetoka.

Lakini kipimo kilichotumika hapa ni chako pia. Siku ukibana data za tasnifu yako ili umtumie msimamizi, au uziweke kwenye hifadhi ya chuo, usiulize tu zimepungua kiasi gani. Uliza: mwenye mashine duni kuliko yangu ataweza kufungua? Maelezo ya sanduku hili yako wazi, au yamo kichwani mwa kampuni moja? Kuna mtu yeyote anayeruhusiwa kuandika mfunguaji wake mwenyewe? Tarehe na majina yatabaki yalivyo? Na ufunguo nimeuweka nje, au nimeufungia ndani?

Mafaili ya .ARC ya miaka ile bado yanafunguka leo, karibu miaka 40 baadaye, kwenye kompyuta ambazo waandishi wake hawakuziota. Yanafunguka kwa sababu muundo wake ulijulikana, na watu walijali kuandika programu za kufungua tu. Faili lako la jana, lililobanwa kwa chombo kipya cha kulipia, je, lina bahati hiyo? Lijaribu leo kwenye simu ya rafiki yako yenye uwezo mdogo kuliko zote. Likigoma, bado una muda wa kubadilisha sanduku.